PETE YA UMEME JUU YA IKWETA NA SETILAITI ILIYOTOKA NGOMENI

Kabla sijaingia katika somo lenyewe sharti nikiri kosa, maana wahenga walisema mficha uchi hazai. Makala haya yametokana na uongo niliousema sokoni Nyakoe jioni ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, nikiwa kidato cha kwanza. Haukuwa uongo wa makusudi. Nilikuwa nimesikia nusu ya habari, nusu iliyobaki nikaimalizia mwenyewe.

Mtakumbuka kwamba mwaka huo shule zilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya mafuriko, na kesho yake, Jumatatu, ndipo tulipotakiwa kurudi. Baba mdogo ana kibanda pale sokoni, hutengeneza redio na simu, na pia hutuma na kutoa pesa za simu. Siku hiyo nilikuwa nimemsaidia kutwa nzima. Ilipofika jioni intaneti ikazorota kabisa. Vijana wakaanza kuja kulalamika, ati picha hazifunguki, ati video zimeganda. Nami tangu juzi yake nilikuwa nimesikia redioni kwamba Jua limeleta dhoruba kubwa ambayo haijaonekana tangu mwaka wa 2003, na kwamba watu wa Ulaya na Marekani wameona mianga ya rangi nyekundu na kijani usiku. Basi nikajitia mwalimu. Nikasimama mlangoni nikatangaza, "Jua limeunguza intaneti!"

Watu wakaniangalia kwa heshima. Lo! Heshima ya namna hiyo hulewesha.

Mama mmoja anayeuza ndizi hatua chache kutoka kibandani akauliza, "Na pesa za simu je, mwanangu?" Alikuwa ameshika kitambaa chenye karo ya mwanawe, ambaye alitakiwa kuripoti shule ya bweni siku iliyofuata. Baba mdogo hakuwapo, alikuwa ameenda kutafuta chai. Nami bila kupepesa macho nikamwambia kwamba pesa ikitumwa wakati wa dhoruba yaweza kupotelea huko juu angani. Mama akafunga kitambaa chake akaenda zake.

Baba mdogo aliporudi aliendelea kutuma na kutoa pesa kama kawaida, watu watano au sita hivi, na hakuna hata shilingi iliyopotea. Nikanyamaza. Jumatatu tukasikia habari kamili: nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilikuwa zimekatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Jua halikuwamo kabisa. Lakini yule mama alikuwa tayari ameacha ndizi zake, amepanda matatu hadi mjini Kisii, na amepiga foleni benki siku mbili, kwa maana wiki ya kufungua shule mnajua foleni zilivyo. Mwanawe aliripoti Jumatano. Ndizi zikalainika, akaziuza kwa bei ya kutupa.

Tangu siku hiyo niliazimia kujua kwa hakika Jua linaweza kufanya nini na haliwezi kufanya nini. Nilimsumbua mwalimu wetu wa fizikia, nikasoma katika maktaba kule Kisii kila Jumamosi niliyopata nauli, na katika kutafuta huko nikakutana na jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo. Mojawapo ya vyombo vya kwanza kuruka ndani kabisa ya dhoruba za namna hii kuzipima kilirushwa kutoka hapa hapa Kenya, mwaka wa 1971. Nilipowauliza wenzangu darasani, hakuna aliyewahi kukisikia. Wengi wanaijua Uhuru, ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 na kupewa jina la Kiswahili kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu. Hii nyingine haikubahatika kupata jina tamu. Iliitwa Explorer 45.

Hebu sasa tuanze somo, na tuanze na Jua.

Jua halitoi mwanga na joto pekee. Mchana na usiku linapuliza chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme, hasa protoni na elektroni, ambazo husafiri kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa kila sekunde. Huo ndio upepo wa Jua. Usiufikirie kama upepo wa hapa kwetu unaoangusha migomba, la hasha. Ni mwembamba mno, na ungesimama ndani yake usingeusikia hata kwenye nywele. Ila mara kwa mara Jua hulipuka na kurusha wingu kubwa la chembe hizo pamoja na sumaku yake. Mwanga wa mlipuko hutufikia kwa dakika 8. Wingu lenyewe huja polepole kidogo, kwa kawaida siku moja hadi tatu.

Dunia yetu nayo ni sumaku, kama tulivyosoma. Sumaku hiyo huenea mbali angani na kuwa kama ngao. Mfano ninaoupenda ni wa jiwe katikati ya mto Gucha: maji yakifika kwenye jiwe hugawanyika, yakapita pande mbili, na nyuma ya jiwe pakabaki mkia mrefu wa maji yaliyotulia. Ndivyo upepo wa Jua unavyoipita Dunia. Upande unaotazama Jua, mpaka wa ngao huwa karibu kilomita 64,000 kutoka kitovu cha Dunia siku za utulivu. Siku za dhoruba unasukumwa ndani, na nguvu nyingi huvuja kupitia kule mkiani.

Hapa ndipo penye utamu wa somo. Chembe zinazoingia kwa mlango wa nyuma hazianguki chini moja kwa moja. Sumaku ya Dunia huzinasa na kuzifanya zizunguke dunia nzima, juu ya Ikweta, kwenye umbali wa kilomita elfu nyingi. Protoni huelekea magharibi, na elektroni huelekea mashariki. Sasa kumbuka kanuni tuliyofundishwa, kwamba umeme huhesabiwa kuelekea upande zinakokwenda chaji chanya. Protoni zikienda magharibi, umeme unakwenda magharibi. Elektroni ni chaji hasi, kwa hiyo zikienda mashariki, umeme bado unahesabiwa kwenda magharibi. Zote mbili zinajumlishana! Matokeo yake ni mkondo mkubwa wa umeme unaoizunguka Dunia kama pete kwenye kidole.

Kama huamini kwamba pete hiyo inagusa hata Nyakoe, chukua chungwa. Andika K juu kwa kaskazini, na chora mstari katikati uwe Ikweta. Kunja vidole vya mkono wako wa kulia viifuate Ikweta kuelekea magharibi. Gumba lako linaelekea wapi? Kusini. Hiyo ndiyo sumaku ya pete ndani ya mzunguko wake. Lakini sumaku ya Dunia yenyewe, hapa kwenye Ikweta, huelekea kaskazini; ndiyo sababu dira huonyesha kaskazini. Basi pete inaivuta kinyume, na sumaku tunayoishi ndani yake inapungua. Kwa kulinganisha upungufu huo katika vituo vilivyo mbali na vishindo vya ncha za Dunia, wanasayansi hupima ukubwa wa dhoruba. Kimojawapo cha vituo hivyo kiko Hermanus, Afrika Kusini. Katika dhoruba ile ya Mei 2024 upungufu ulifika takriban nanotesla 400, na sumaku ya huku kwetu kwa jumla ni nanotesla 30,000 na ushei. Ni kama asilimia moja na kitu. Dira ya skauti haiwezi kukuonyesha, nimejaribu kuitazama bure.

(Hapa niseme kidogo kuhusu maneno. Katika Chama chetu tulibishana Ijumaa mbili nzima tuite nini jambo hili lote. Mmoja alitaka "hali ya hewa ya angani", lakini huko hakuna hewa. Mwingine akataka "tabia za Jua". Mimi nimechagua "hali ya anga za juu" na atakayepata neno bora aniletee. Ninajua tu kwamba nilipomwambia yule mama "dhoruba", kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama juu kama mawingu ya mvua yanakuja.)

Turudi kwenye setilaiti. Mwishoni mwa miaka ya 60 wanasayansi walijua kuna pete. Waliihesabu kwa kalamu, na baadhi ya vyombo vilikuwa vimeipitia juu juu. Walichotaka ni chombo kidogo kitakachoruka ndani ya pete yenyewe, kiingie na kutoka, siku baada ya siku, mpaka dhoruba ikikute humo. Na kwa kuwa pete iko juu ya Ikweta, chombo nacho lazima kiizunguke Dunia juu ya Ikweta. Sasa tatizo. Kituo mashuhuri cha Wamarekani, Cape Canaveral, kiko nyuzi 28 na nusu kaskazini. Roketi ikirushwa kutoka huko, njia ya setilaiti itainama angalau kwa nyuzi hizo hizo, na kuinyoosha hadi Ikweta ni kazi inayokula fueli nyingi kupita kiasi.

Lakini Waitaliano walikuwa wamepata dawa. Profesa Luigi Broglio alisimika majukwaa mawili ya chuma baharini katika ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Moja liliitwa San Marco, ambapo roketi ilisimama, na la pili Santa Rita, ambapo watu wa kuongoza urushaji walikaa. Mahali hapo pako nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta. Mashariki yake ni Bahari ya Hindi tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vinavyodondoka havimwangukii mtu. Na kuna faida nyingine ambayo unaweza kuipiga hesabu mwenyewe: mzingo wa Dunia kwenye Ikweta ni kilomita 40,000 hivi, na Dunia hujizungusha kwa saa 24. Gawanya. Utapata karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi iliyosimama kimya Ngomeni tayari inakimbia mashariki kwa kasi hiyo kabla hata haijawashwa! Sisi hapa Nyakoe pia, tulio chini ya nyuzi moja kutoka Ikweta, tunakimbia karibu vivyo hivyo, ila hatuna mahali pa kwenda.

Kutoka jukwaa lile setilaiti tisa zilipelekwa angani kati ya 1967 na 1988, zote kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout, yenye hatua nne za fueli yabisi. Explorer 45 iliondoka Jumatatu tarehe 15 Novemba 1971. Uzito wake ulikuwa kama kilo 52, yaani kidogo zaidi ya gunia la nusu la mahindi. Njia yake haikuwa duara, ilikuwa kama yai refu: sehemu ya chini kabisa ilipita kama kilomita 220 juu ya ardhi, na sehemu ya juu ilifika karibu kilomita 27,000. Mzunguko mmoja ulichukua kama saa saba na robo tatu. Mwinamo wake ulikuwa chini ya nyuzi 4. Kwa njia hiyo ilipanda ikaingia ndani ya pete, ikashuka ikatoka, ikapanda tena, zaidi ya mara tatu kila siku. Ndani yake mlikuwa na vipimo vya sumaku, vya umeme, na vya kuhesabu protoni na elektroni kulingana na nguvu zake.

Bahati ikawaangukia upesi. Mwezi mmoja hivi baadaye, kati ya tarehe 16 na 18 Desemba 1971, dhoruba ikaja. Setilaiti ilikuwa tayari imekaa mahali pake. Iliona protoni mpya zikimiminika kuingia, iliona pete ikijaa, kisha ikaiona ikinyauka polepole. Katika dhoruba hizo za mwanzo iliweza pia kuonyesha namna chembe zinavyoingia upande wa jioni wa Dunia, dhoruba inapoanza. Kabla ya hapo mambo haya yalikuwa zaidi ni ya kukisia.

Mtihani mkubwa ulikuja mwezi wa Agosti mwaka uliofuata. Mlipuko wa tarehe 4 Agosti 1972 ulirusha wingu lililofika duniani kwa muda wa chini ya saa 15, na hadi leo hakuna jingine lililopimwa likifika upesi hivyo. Ngao ilisukumwa ndani vibaya sana. Kumbukeni nimesema mpaka wake wa kawaida ni kilomita 64,000 kutoka kitovu cha Dunia. Explorer 45, ambayo haikuweza hata kufika kilomita 34,000 kutoka kitovu hicho, ilijikuta kwenye mpaka wenyewe! Ni kama mtu aliyelala chumba cha ndani kabisa aamke akute ukuta wa nje umesimama kando ya kitanda chake.

Siku hiyo hiyo, katika bahari ya Vietnam ya Kaskazini, mabomu mengi yaliyotegwa majini na Wamarekani yalilipuka yenyewe bila meli yoyote kupita. Yalikuwa yametengenezwa yalipuke yakihisi sumaku ya chuma cha meli ikibadilika. Dhoruba iliwadanganya. Na mimi huwa nawaza juu ya wale wanaanga wa Apollo. Safari ya 16 ilikuwa imerudi kutoka Mwezini mwezi wa Aprili, na ya 17 ikaenda Desemba. Agosti iliangukia katikati. Kama kungekuwa na watu wakitembea Mwezini siku hiyo, nje ya ngao, wangepigwa na mnururisho wa kuumiza vibaya.

Setilaiti yetu (niruhusuni kuiita yetu, ingawa ilitengenezwa Marekani, bahari ni yetu) ilifanya kazi hadi mwaka wa 1974.

Aidha nisiwasahau ndugu zake. Waitaliano walirusha kutoka pale pale setilaiti zao za San Marco, ya kwanza kutoka Ngomeni ikiwa tarehe 26 Aprili 1967, na ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Kazi yake kubwa ilikuwa kupima uzito wa ile hewa nyembamba iliyo juu sana, kwa kupima jinsi inavyoikwamisha setilaiti. Utauliza, ya nini? Mwezi Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 49 kwa mpigo mmoja. Dhoruba ya sumaku, na wala haikuwa kubwa, ikaja siku hizo. Dhoruba hupasha moto hewa ya juu, hewa ikatutumka kama maziwa jikoni, ikazikwamisha. Karibu 40 kati yake ziliporomoka zikaungua. Kile kilichopimwa Ngomeni tangu 1967 ndicho kilichoziangusha.

Leo walinzi wamesogezwa mbele zaidi. Wapo karibu kilomita milioni 1 na nusu kutoka duniani kuelekea Jua, mahali ambapo mvuto wa Jua na wa Dunia hukubaliana kiasi kwamba chombo kinaweza kuandamana nasi mwaka mzima. ACE ilienda huko 1997, DSCOVR mwaka wa 2015, India wakapeleka Aditya-L1 mwaka wa 2023, na tarehe 24 Septemba 2025 Marekani ikarusha nyingine iliyotengenezwa mahsusi kwa ulinzi huu. Wingu likiipita mlinzi, sisi huwa na kati ya dakika 15 na saa moja hivi kabla halijatufikia. Kenya nayo imepeleka setilaiti zake, ile ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 2018 na Taifa-1 mwaka wa 2023, lakini Taifa-1 ilitengenezwa itazame mashamba na misitu, si Jua.

Sasa nifike kwenye deni langu. Dhoruba ya Jua inaweza kufanya nini hapa Nyakoe?

Inaweza kuzima redio ya mawimbi mafupi. Mawimbi hayo husafiri mbali kwa kurukaruka kwenye tabaka la juu lenye chaji, na Jua likilipuka mchana, sehemu ya chini ya tabaka hilo huyameza. Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 kulikuwa na mlipuko mkubwa saa nne kasoro asubuhi kwa saa zetu, Jua likiwa limetuelekea. Wazee wenye redio za zamani wakati kama huo huidhani betri, hata baba mdogo amekwisha kuletewa redio nzima kabisa ati itengenezwe.

Inaweza kupotosha GPS, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi ya yote. Huku kwetu karibu na Ikweta tabaka lile lina fujo zake hata bila dhoruba. Jua likishatua, mapovu makubwa huchomoza ndani yake, hasa miezi ya Machi na Aprili na ile ya Septemba na Oktoba, na ishara za setilaiti zikipita humo hutetemeka kama taa ya kibatari. Ndiyo maana vipokezi kama kile cha Malindi na kile cha Mbarara, Uganda, vimewasaidia sana wanasayansi kuchunguza anga ya upande huu. Kifaa cha bei nafuu kinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Mita kadhaa ni nini? Huko kwenye mashamba ya maelfu ya ekari si kitu. Hapa Kisii, ambapo ndugu watano wamegawana shamba hadi limekuwa vipande vya leso, mita mbili zinaweza kupeleka watu kwa chifu, na kutoka kwa chifu hadi kortini. Wapimaji wenye ujuzi hutumia kituo cha kulinganishia na kurudia vipimo siku nyingine. Anayekuja na simu tu mkononi, mwambie angoje.

Inaweza pia kuingiza umeme kwenye nyaya ndefu. Tarehe 13 Machi 1989 jimbo la Quebec, Kanada, lilikosa stima kwa saa tisa, watu milioni 6 gizani. Hilo ni hatari zaidi kwa nchi zilizo karibu na ncha za Dunia. Kwa hiyo stima ikipotea hapa kwetu, kwanza tazama kama mti umeangukia nguzo.

Na haiwezi kufanya nini? Haiwezi kukata waya uliolazwa chini ya bahari. Ndani ya nyaya hizo habari hupita kama mwanga katika uzi wa kioo, na sumaku haiusukumi mwanga huo kando. Kinachozikata mara nyingi ni nanga za meli, nyavu za wavuvi na maporomoko ya chini ya bahari. Wala dhoruba haiwezi kuiba pesa ya simu ikiwa njiani. Pesa haipandi angani. Ujumbe hutoka kwenye simu hadi mlingoti ulio hapo mlimani, kisha huenda kwenye mashine za kuhesabu. Mlingoti ukizimika, ujumbe haundoki na pesa inabaki ulipoiacha.

Likizo ya Agosti iliyopita nilikwenda kwa yule mama nikiwa na chungwa langu lililoandikwa K. Nilimwomba msamaha kwanza. Akasema alikwisha kusahau, ingawa alitaja bei ya zile ndizi hadi shilingi ya mwisho. Nikamweleza habari za pete na za setilaiti ya Ngomeni, naye akasikiliza huku akipanga vichane. Kisha akaniuliza, "Na hicho kitu chenu, huko juu, kilipita hapa Nyakoe?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Tukapiga hesabu pale pale kwenye karatasi ya kufungia. Njia yake haikutoka nje ya mkanda wa nyuzi 4 kila upande wa Ikweta, nasi tumo ndani ya mkanda huo. Ilizunguka mara tatu kwa siku, lakini sisi nasi tulikuwa tunazunguka upande ule ule mara moja, kwa hiyo ilitupita kama mara mbili tu kila siku, kuanzia 1971. Hata ilipokufa iliendelea kupita, mpaka ilipoanguka na kuungua hewani mwaka wa 1992.

"Mara mbili kila siku," akasema, "na hakuna aliyetuambia."

Akafungua kitambaa, safari hii mlikuwa na simu. Akanipa ndizi moja, akaniambia nisimame hapo hapo nishuhudie, akatuma karo ya muhula wa tatu. Ujumbe wa kupokelewa ulirudi kabla sijamaliza kuimenya.